Salamu Isiyoitikiwa: Safari ya kutoka Ivuna mpaka Tunduma, pamoja na maneno machache ya Kifaransa

Tumsifu Yezu Kristu, ndugu wasomaji.

Najua mmekwisha kuitikia mioyoni mwenu, "Milele, Amina," maana Mkristu akisikia salamu ile hanyamazi. Ndiyo sababu nimeitanguliza. Leo nataka kuwaeleza habari ya salamu moja niliyopewa njiani, nami sikuiitikia, na mambo niliyojifunza kwa ajili ya kosa lile.

Kwanza niwajulishe nchi ninayokaa. Ivuna ni mahali pa bondeni, karibu na Ziwa Rukwa, katika wilaya ya Momba. Siku hizi tu watu wa mkoa wa Songwe, uliotengwa na mkoa wa Mbeya mwaka 2016. Ni nchi ya joto na mavumbi wakati wa kiangazi, na ya matope wakati wa masika. Sifa yake tangu kale ni chumvi. Wataalamu waliochimba hapa katika miaka ya 1960 walifukua vigae vya vyungu vingi, wakatambua ya kuwa kazi ya chumvi ilikuwako tangu karne ya 13. Njia ya wazee ilikuwa hii: walikwangua udongo wenye chumvi, wakautia katika chombo chenye matundu chini, wakaumiminia maji. Maji yaliyodondoka waliyapika katika vyungu mpaka yakakauka, ikabaki chumvi.

Kwa ajili ya chumvi hiyo wageni wa lugha mbalimbali walikuja Ivuna, nao wenyeji walizoea kusikia salamu nyingi. Nilipokuwa mtoto, mzee mmoja wa kwetu alikuwa akituambia, "Asiyesalimu hauziwi chumvi." Maana yake, mtu akija na kuuliza bei kabla ya kuuliza hali, yule mwenye chungu humwacha asimame juani. Kwanza wataulizana walivyolala, kisha watoto, kisha mvua na mashamba. Ndipo mgeni atakapoonyeshwa chumvi. Hata leo mwanamke wa heshima huinama kidogo na kupiga makofi polepole mbele ya mzee, na mzee haanzi neno lingine kabla ya kumjibu.

Basi mimi niliyelelewa katika desturi hiyo, tena niwafundishaye wengine katika kanisa, tazameni nilivyofanya.

Mwaka jana, wakati wa kiangazi, nalikwenda Tunduma kununua madaftari ya wakatekumeni wangu. Nalichukua na vifuko vichache vya chumvi niwape rafiki zangu. Gari letu lilipanda kutoka bondeni hata nchi ya juu yenye baridi na mashamba ya kahawa, tukatokea Mlowo. Hapo tukaingia njia kuu, tukapita Vwawa, yaliyopo makao ya mkoa, na mchana tukafika Tunduma.

Tunduma ni mji wa mpakani. Ukivuka tu, umeingia Nakonde katika nchi ya Zambia, na huko utasikia Kinyamwanga kama upande wetu, na Kibemba pia. Reli iliyojengwa kati ya mwaka 1970 na 1975 kutoka Dar es Salaam mpaka Kapiri Mposhi inapita hapo. Lakini kinachomshangaza mgeni zaidi ni malori. Yamesimama mstari mrefu kando ya njia, yakingoja kuvuka. Mengi yanakwenda mbali kupita Zambia, yanaingia Kongo kwa lango la Kasumbalesa, yanafika Lubumbashi na Kolwezi, kwenye machimbo ya shaba. Kwa hiyo katika njia za Tunduma husikia Kiswahili tu, bali na Kifaransa, kwa maana Wabelgiji walioitawala Kongo mpaka mwaka 1960 waliiachia lugha hiyo. Tena tangu mwaka 2022 Kongo imeingia katika Jumuiya ya Afrika Mashariki pamoja nasi. Watu wake si wageni wa mbali tena, ni jirani wa nyumba moja.

Karibu na malori nalimwona mwanamke kijana, amembeba mtoto mgongoni. Nilipopita akaniambia, "Bonjour, Papa." Nalijua ya kuwa ni salamu, lakini sikujua namna ya kuijibu. Nikaona haya kukosea mbele ya watu. Nikatazama mbele kama mtu mwenye haraka, nikapita.

Nikanunua madaftari, nikarudi kwa njia ile ile. Akaniambia mara ya pili, "Bonjour, Papa." Nikainamisha kichwa, nikapita. Nyuma yangu vijana wenye mikokoteni walikuwa wakimwigiza kwa kicheko, "Bonju! Bonju!" Wala sikuwakemea.

Nikaketi chini ya mti, kwa mama mmoja auzaye chai. Karibu nami alikuwa dereva wa makamo, mtu wa Lubumbashi. Akanitazama kitambo, kisha akaniambia kwa Kiswahili cha kwao, "Papa, ule mama alikupatia bonjour mara mbili. Juu ya nini haukuitika?"

Nikamjibu, "Mimi sijui Kifaransa."

Akasema, "Na yeye hajui Kiswahili. Ametoka Kasai, anamfuata mume wake. Mtoto ana homa tangu usiku. Anatafuta hospitali."

Nikamwuliza, "Mbona basi hakuuliza?"

Akacheka kidogo, lakini si kwa furaha. "Ataulizaje mtu asiyemwitika? Amesalimia tangu asubuhi, hata mimi nilipofika sasa hivi, ndiye wa kwanza kumjibu. Nimeshusha mguu tu ninywe chai, nimpeleke. Lakini njia ya hospitali siijui."

Ndugu zangu, chai ilinishinda kinywani. Mara ngapi nimesimama mbele ya watoto wa mafundisho nikiwaeleza mfano wa Msamaria, na namna kuhani na Mlawi walivyopita upande wa pili wa njia! Siku zote nalidhani wale wawili walikuwa watu wenye mioyo migumu. Siku ile nikafahamu ya kuwa huenda mmoja wao alikuwa mtu wa haya tu, asiyejua la kusema.

Nikainuka, nikaenda kwake, nikavua kofia, nikasema vibaya kabisa, "Bonjur, Mama." Macho yake yakajaa machozi, akaanza kunena upesi upesi. Sikufahamu ila mkono wake uliokuwa ukimgusa mtoto. Dereva akatufasiria, tukapanda bajaji sote mpaka kituo cha afya. Wakampima mtoto damu, wakaona malaria, wakampa dawa. Tukangoja pale hata jioni, homa ikapungua, mtoto akanyonya.

Katika kungoja kule nalifungua daftari moja jipya, nikamwomba dereva anifundishe. Aliyonifundisha nawaandikia ninyi, hasa walimu, na wazazi wenye vijana waendao kuchuuza mpakani.

Jambo la kwanza ni matamko. Neno Bonjour hutamkwa karibu na "bonzhur." Herufi n haifungwi kwa ulimi, sauti hupitia puani. Herufi j si kama ya "jambo". Weka kinywa kama unayetaka kusema "sh," kisha itie sauti kama ya z. Ndiyo ninayoiandika zh. Na r hutoka kooni, karibu na gh ya neno "ghali." Tena herufi nyingi za mwisho huandikwa wala hazisomwi. Mtu asiogope. Dereva aliniambia, anayekosea akiwa anatabasamu husikiwa kuliko asiyekosa akiwa amekunja uso.

Jambo la pili ni maana. Salamu zetu nyingi ni maulizo. "Hujambo?" ni kumwuliza mtu kama hana jambo lililompata, naye hujibu "Sijambo." Lakini Bonjour si ulizo, ni baraka: bon ni njema, na jour ni siku. Kwa hiyo usijibu "nzuri" wala "salama." Mrudishie baraka ile ile: Bonjour. Jioni husemwa Bonsoir, "bonswar." Usiku wa kwenda kulala husemwa Bonne nuit, "bon nwi," kama sisi tusemavyo "Lala salama." Wanafunzi wengi hukosa hapa: humfikia mtu saa mbili za usiku wakamwambia Bonne nuit, naye hudhani wanamwaga.

Jambo la tatu ni heshima. Kifaransa hakina "Shikamoo" wala "Marahaba." Heshima yake iko katika neno vous, "vu." Mtoto au rafiki huambiwa tu, yaani wewe, mkubwa na mgeni huambiwa vous, yaani ninyi, ijapokuwa ni mtu mmoja. Sisi wa nchi hizi hatushangai. Jirani zetu Wanyakyusa humwambia mtoto "Ugonile," na mzee "Mugonile," wakimhesabu mmoja kuwa wengi kwa ajili ya heshima. Pamoja na vous, Mfaransa huongeza Monsieur, "mesye," kwa mwanamume, na Madame, "madam," kwa mwanamke. Watu wa Kongo hupenda kusema Papa na Maman, kama sisi tusemavyo Baba na Mama.

Baada ya hayo dereva akanipa mazungumzo mafupi, nami nayaweka hapa ili wawili wayasome kwa kujibizana nyumbani.

– Bonjour, Maman. Comment allez-vous? "Koman tale vu?" Maana yake, U hali gani, Mama?

– Je vais bien, merci. Et vous? "Zhe ve byen, mersi. E vu?" Mimi ni mzima, asante. Na wewe?

– Ça va bien. Et les enfants? "Sa va byen. E le zanfan?" Ni vyema. Na watoto je?

– Ils vont bien. "Il von byen." Hawajambo.

– D'où venez-vous? "Du vene vu?" Watoka wapi?

– Je viens d'Ivuna. "Zhe vyen divuna." Natoka Ivuna.

– Il fait chaud. "Il fe sho." Ni joto. Neno hili litawafaa sana watu wa bondeni.

– Au revoir. "O revwar." Kwaheri, mpaka kuonana tena.

Na haya matatu yashikeni hata kama mengine yatasahaulika. L'enfant est malade, "lanfan e malad," mtoto ni mgonjwa. Où est l'hôpital? "U e lopital?" Hospitali iko wapi? Venez avec moi, "vene avek mwa," njoo pamoja nami. Naliposikia lile la pili, nikatambua ya kuwa ndilo lililokuwa kinywani mwa yule mama tangu asubuhi, likingoja mlango ufunguliwe.

Nikamwuliza dereva, "Je, katika Ulaya nao husalimiana kabla ya kuuliza?" Akasema padre mmoja Mfaransa alimwambia ya kuwa kwao ukiingia dukani bila kusema Bonjour, mwenye duka huona umemdharau, naye hukujibu kwa ubaridi. Nikakumbuka mzee wetu na chumvi yake. Kumbe sheria ya Ivuna na sheria ya Ufaransa ni moja!

Tena kuna jambo jingine linalounganisha Ivuna na Ufaransa, ambalo wengi wa kwetu hawalijui. Tarehe 16 Desemba 1938 jiwe lilianguka hapa kutoka angani. Vipande vilivyookotwa havikufika kilo moja. Na huko Ufaransa ya kusini, karibu na kijiji cha Orgueil, mwezi Mei mwaka 1864, mawe ya namna iyo hiyo yalikuwa yamekwisha kuanguka. Mawe haya ni adimu sana duniani, na wataalamu huyathamini kwa sababu vitu vilivyomo, isipokuwa vile vyepesi mno, vinalingana na vile vya jua kuliko mawe mengine. Ukoo wake wote wameupa jina la Ivuna. Kwa hiyo, ndugu, ukimwambia Mfaransa mwenye elimu hiyo Je viens d'Ivuna, huenda akakujibu kwamba jina la kijiji chako alilijua zamani.

Lakini nirudi katika fundisho letu. Njiani nikirejea nyumbani naliwawaza wamisionari waliotuletea Injili upande huu. Mapadre Weupe walianzishwa huko Algiers mwaka 1868 na Askofu Mkuu Lavigerie, baadaye Kardinali, na wengi wa kwanza walikuwa Wafaransa. Yeye aliwaagiza wajifunze lugha ya watu watakaotumwa kwao, wale chakula chao, wavae mavazi yao. Msafara wao wa kwanza wa nchi hizi uliondoka pwani ya Bagamoyo mwaka 1878, na mwaka 1885 wakakaa Karema, kando ya Ziwa Tanganyika. Hapa bondeni kwetu walikaa Mkulwe. Padre Alois Hamberger wa Mkulwe aliandika habari za imani na desturi za watu wa huko katika jarida la Anthropos mwaka 1909. Fikirini: je, mzee gani angemweleza mgeni mambo ya mizimu na ya mazishi, kama mgeni yule hakujua kwanza kuketi na kumwuliza amelalaje?

Wala si wazungu peke yao. Sisi makatekista tunaye mkubwa wetu, Adrian Atiman. Alizaliwa yapata mwaka 1866 katika nchi iitwayo leo Mali, akaibwa utotoni akauzwa utumwani. Mapadre wakamkomboa huko Algeria, akasomeshwa uganga wa kizungu katika kisiwa cha Malta. Mwaka 1889 akafika Karema, akawa mganga na katekista hata alipofariki mwaka 1956. Kifaransa alikijua tangu ujana wake. Lakini mgonjwa wa Karema hakuwa na Kifaransa. Mwafrika huyo wa mbali ilimpasa naye aanze kama mtoto, ajifunze salamu za watu wa ziwani, apate kumwuliza mtu, "Unaumwa wapi?" Kwa miaka zaidi ya sitini aliuliza hivyo.

Basi wale walivuka bahari na majangwa, wakaacha lugha zao ili watusalimu kwa yetu. Mimi nalishindwa kuvuka haya yangu, hatua tatu tu kando ya njia.

Jioni ile, tulipoagana, yule mama alinishika mkono kwa mikono yake miwili akasema, "Merci, Papa." Halafu akanifundisha na salamu ya Kiluba, lugha ya nyumbani kwao: "Moyo." Dereva akanieleza kwamba katika lugha ile moyo maana yake ni uzima. Kwa hiyo watu wa Kasai wakikutana, hupeana uzima. Nikampa kifuko kimoja cha chumvi ya Ivuna. Akaonja kidogo kwa ncha ya kidole, akacheka, akasema, "Le sel!" Nikaliandika na neno hilo daftarini.

Tangu siku ile, kila Jumapili baada ya ibada, vijana wetu huketi pamoja nami chini ya mwembe, tukasoma maneno haya. Hatutakuwa mabingwa wa Kifaransa. Mimi mwenyewe ile zh hunipiga chenga hata leo, na watoto hunicheka. Lakini tumepatana neno moja: mtu wa Ivuna akisalimiwa kwa lugha asiyoijua, asipite kimya. Aitikie kwa lugha yake, au kwa kuinamisha kichwa, au kwa kupiga makofi kama wazee wetu. Mgeni ataona ya kuwa mlango u wazi, naye atasema haja yake.

Nanyi wazazi, wafundisheni watoto wenu hivyo kabla hawajaondoka nyumbani kwenda mijini. Nanyi walimu, msiseme, "Lugha ile haimo katika mtihani." Bwana wetu alijihesabu kuwa mmoja na mgeni, wala hakutuambia atakuja akisema kwa lugha gani.

Au revoir, ndugu zangu, na Mungu awalinde.